Simu ya wengi yataka kalibu ya wengi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliotunga methali hii walikuwa watu wa mwambao walioijua gharama ya jahazi kabla halijaguswa na maji: mbao, misumari, sifa ya kupakia, na ujira wa fundi aliyeshinda miezi akiuchonga ubavu mmoja. Abiria hulipa nauli yake akayasahau yote hayo. Leo nataka kuitumia methali hiyo kwa chombo kidogo zaidi, kiingiacho mfukoni mwa kila mwalimu na kila mwanafunzi wa chuo, nacho ni simu ya mkononi. Sitazungumzia kioo chake wala programu zake, kwa kuwa hayo yana wasemaji wengi. Nitazungumzia gamba lake, yaani ule mwili wa plastiki unaovishika viungo vyote pamoja, ambao mafundi wa mitaani huuita hausingi.

Huenda msomaji akauliza: mtu wa isimu ana lipi la kusema juu ya plastiki? Jibu langu ni kwamba gamba la simu linatuletea swali ambalo sisi wa lugha tumeishi nalo siku zote. Kitu kigharimucho mno kukianzisha, na kidogo mno kukizidisha, kitapatikanaje na watu wachache? Ndilo swali la kamusi, ndilo swali la kitabu cha kiada, na ndilo swali la simu isiyo ya kampuni kubwa.

Maana zipo simu za namna hiyo. Ni simu ambazo watumiaji wake wenyewe huzitegemeza: huchanga fedha kabla hazijatengenezwa, huziandikia programu, na wahandisi wake huitoa michoro hadharani ili yeyote aweze kuisoma, kuirekebisha na kuikarabati simu yake. Mtu aliyezoea kununua simu, kuitumia miaka miwili na kuitupa, ataona haya ni mambo ya watu wenye wakati mwingi. Lakini mwalimu anayejua maana ya kitabu kinachosomwa na darasa baada ya darasa atatambua mara moja faida ya simu inayoweza kufunguliwa, kufundishiwa, kutengenezwa, na kuzungumza lugha ambayo mwenye kampuni hakuifikiria.

Watu wengi wamekuwa wakidhani kwamba ugumu wa simu hizo umo katika elektroniki na programu. Ugumu huo upo, sikatai. Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba kikwazo kinachodharauliwa kuliko vyote ni hicho kipande cha plastiki ambacho uzito wake haufiki hata wa kikombe cha chai. Bei yake haitokani na plastiki. Bei ya gamba ni bei ya uchache wetu.

Tuanze na maneno, kwa kuwa maneno yetu yanalijua jambo hili. Kiswahili kina neno kalibu, tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo ni kile chombo chenye uwazi ambamo kitu kilichoyeyushwa humiminwa kikatoka na umbo. Tena tuna kitenzi kusubu, yaani kumimina madini katika kalibu. Sonara wa Lamu na wa Mombasa alisubu fedha na dhahabu karne nyingi kabla ya plastiki kuzaliwa. Kwa hivyo tunapotaka kueleza jinsi gamba la simu linavyotengenezwa, hatuna haja ya kwenda kukopa. Gamba la simu husubiwa kwa msukumo.

Na kazi yenyewe huenda hivi. Punje za plastiki, aghalabu ile iitwayo ABS au mchanganyiko wake na polikaboneti, hutiwa katika mashine yenye parafujo kubwa inayozungushwa ndani ya bomba la moto. Plastiki ya ABS hufikishwa kwenye joto la nyuzi 220 hadi 260 hivi za Selsiasi. Ikisha kuyeyuka, parafujo huisukuma kwa nguvu nyingi mno hadi ndani ya kalibu yenye pande mbili za chuma zilizobanwa kwa uzito wa tani kwa tani. Maji hupitishwa katika mifereji iliyotobolewa ndani ya chuma ili kuipoza. Kalibu hufunguka, vijiti vya chuma hulisukuma gamba nje, na kalibu hujifunga tena. Haya yote hayachukui hata dakika moja.

Inafaa tukumbuke, hasa sisi wa pande hizi, asili ya mashine hiyo. Katika karne ya 19 mipira ya mchezo wa biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na soko kubwa la pembe za Afrika Mashariki lilikuwa Unguja, ambako wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa wanunuzi wakubwa. Pembe zilipozidi kuwa ghali, watu walianza kutafuta kitu cha kuzichukulia nafasi. Mmarekani John Wesley Hyatt alikuwa mmoja wa waliokitafuta, akatengeneza seluloidi, na mwaka wa 1872 yeye na nduguye wakapata hataza ya mashine ya kusukumiza seluloidi iliyolainishwa ndani ya kalibu. Mwaka wa 1946 Mmarekani mwingine, James Watson Hendry, aliiongezea parafujo. Kwa hivyo mashine iliyoanza na uhaba wa pembe zetu ndiyo leo isubuyo magamba ya simu zetu.

Sasa tuje kwenye gharama. Mwanafunzi wangu mmoja, tulipokuwa tukijadili istilahi za kiufundi katika semina, aliniuliza: “Mwalimu, ikiwa plastiki ni rahisi na mashine hutoa gamba kwa nusu dakika, mbona wale watu wa simu za jumuiya hulia kwamba gamba ni ghali?” Swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi niliyoyasikia. Kosa limo katika kuitazama mashine na kuisahau kalibu.

Kalibu ya gamba la simu ni kazi ya uchongaji wa hali ya juu. Huchongwa katika bonge la feleji au la alumini kwa vipimo ambavyo havivumilii hitilafu ya hata unene wa unywele. Plastiki ya ABS ikipoa hunywea kwa karibu nusu ya asilimia moja, kwa hivyo mchongaji hana budi kuikuza kalibu kwa kiasi hicho hicho, ama sivyo ubao wa saketi hautaingia. Kuta za gamba ni lazima ziinamishwe kidogo, kiasi cha nyuzi moja au mbili, ili gamba liweze kutoka bila ya kukwaruzwa. Unene wa kuta ni lazima ulingane, ama sivyo gamba litapinda au litakuwa na vishimo. Kila tundu la ubavuni, liwe la kuchajia au la kitufe cha sauti, hudai kipande cha chuma kinachoteleza na kujiondoa kabla gamba halijasukumwa nje. Na simu haina gamba moja: ina upande wa mbele, upande wa nyuma, kifuniko cha betri na vitufe. Kila kimojawapo kina uwazi wake katika chuma. Baada ya hayo yote huja majaribio: gamba la kwanza husubiwa, hupimwa, huonekana limepotoka, na kalibu hurudishwa karakanani kuchongwa upya.

Ndiyo maana kalibu rahisi ya alumini, ya kipande kimoja kisicho na matundu ya ubavuni, huweza kugharimu dola elfu chache, ilhali kalibu kamili za feleji za simu nzima hufika makumi ya maelfu ya dola. Tuchukue mfano wa hesabu tu, wala si bei ya kampuni yoyote. Tuseme kalibu zote za simu moja zinagharimu dola 40,000, na kwamba plastiki, umeme na kazi ya kusubu gamba moja ni dola 2. Wakijitokeza watu 100, kila mmoja atalilipia gamba lake dola 402. Wakiwa 500, ni dola 82. Wakiwa 1,000, ni dola 42. Wakiwa 10,000, ni dola 6. Wakifika 100,000, ni dola 2 na senti 40.

Naomba wanafunzi wa hisabati waitazame orodha hiyo kwa makini. Plastiki ni ile ile, mashine ni ile ile, gamba ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliokubaliana. Kampuni kubwa iuzayo simu kwa mamilioni haihisi uzito wa kalibu hata kidogo, na jumuiya ya watu mia tano inavunjika mgongo. Hapa ndipo ninaposema kwamba haki ya kuunda si sawa na uwezo wa kuunda. Sheria yaweza kukupa ya kwanza, ila uwezo hauji pasipo wenzio.

Historia ya karibuni inalithibitisha jambo hili. Mwaka wa 2006 ulitangazwa mradi wa Openmoko, uliotokana na kampuni ya FIC ya Taiwan. Azma yake ilikuwa simu ambayo programu zake zote zingekuwa wazi kwa umma. Simu ya kwanza, Neo 1973, iliwafikia waandishi wa programu mwaka wa 2007. Jina lake lilitokana na mwaka ambao Martin Cooper alipiga simu ya kwanza ya mkononi kule New York. Ya pili, Neo FreeRunner, ilitoka mwaka wa 2008 kwa dola 399. Na mwaka huo huo wenye mradi walifanya jambo la ukarimu mkubwa: waliitoa hadharani michoro ya gamba lenyewe kwa leseni iliyomruhusu yeyote kuinakili na kuibadilisha, mradi naye aitoe vivyo hivyo.

Wapenzi wa uhuru wa elimu walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini mwaka wa 2009 kampuni ilisitisha kazi ya kuunda simu mpya. Jumuiya ikabaki na michoro mikononi. Je, iliweza kusubu magamba mapya? Hapo ndipo watu walipogundua kwamba mchoro si kalibu. Mchoro unanakiliwa kwa kubonyeza kitufe, bila ya kumpunguzia mwenyewe kitu. Kalibu ni bonge la chuma lililolala katika karakana moja, nalo halinakiliki isipokuwa kwa fedha zile zile zilizolichonga mara ya kwanza.

Jumuiya ilifanya nini basi? Ilifanya kama yule kaa wa pwani aishiye ndani ya kombe la konokono aliyekufa. Kampuni ndogo ya Ujerumani, Golden Delicious Computers, iliunda ubao mpya wa saketi ulioitwa GTA04, wenye nguvu zaidi, uliopimwa barabara ili uingie katika gamba kuukuu la Neo. Mwenye simu ya zamani aliifungua, akautoa ubao wa kwanza, akautia mpya. Mwaka wa 2013 mradi mwingine, Neo900, ulikusudia kufanya vivyo hivyo kwa kutumia miili ya simu za Nokia N900 zilizotoka mwaka wa 2009. Ubao wa saketi, ambao kwa macho ya mtu wa kawaida ndio mgumu, ulikuwa ndani ya uwezo wa watu wachache kuuwazia na kuuchora. Plastiki ndiyo waliyoikimbia.

Hila hii ni ya busara, ila ina mwisho. Makombe ya konokono aliyekufa hayaongezeki. Kila gamba linalovunjika linapunguza hesabu, na kila anayetaka kujiunga na jumuiya ni lazima kwanza atafute simu ya kale. Mradi wa Neo900, kwa sababu kadhaa zilizoshikamana, haukufika kwenye uzalishaji. Mimi mwenyewe nimewahi kupeleka kwa fundi simu ambayo kila kiungo chake kilikuwa kizima isipokuwa gamba. Fundi aliigeuza, akaitazama, akanirudishia: “Daktari, moyo wake ni mzima lakini hausingi ya aina hii haiji tena.” Simu nzima iliuawa na ganda lake.

Najua pingamizi litakalotolewa na vijana. Watasema: siku hizi kuna printa za pande tatu, mtu hujichapia gamba lake nyumbani, kalibu ya nini? Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Kwa sampuli, na kwa watu kumi au ishirini, printa hiyo ni neema. Vile vile kuna njia ya kusubu kwa kalibu laini za silikoni, ambazo hutoa nakala ishirini hivi kabla ya kuchakaa. Lakini printa huijenga plastiki tabaka juu ya tabaka. Gamba lake aghalabu huwa dhaifu mahali tabaka zinapokutana, uso wake huwa na mikwaruzo, na vishikizo vyembamba vya kifuniko cha betri hukatika upesi. Tena kazi ya saa kadhaa kwa gamba moja haipungui hata ukichapa la elfu moja. Printa imewarahisishia walio wachache kabisa, na kalibu inawarahisishia walio wengi mno. Waliobaki jangwani ni wale wa katikati, wa mia tano na wa elfu mbili, na huko katikati ndiko jumuiya nyingi zinakoishi.

Je, hakuna aliyevuka jangwa hilo? Wapo. Kampuni ya Fairphone ya Amsterdam ilipoanza mwaka wa 2013 haikuunda kwanza ikatafuta wateja baadaye. Iliwaomba watu 5,000 walipe kabla, kwa euro 325 kila mmoja, ndipo kazi ianze. Watu walijitokeza kupita idadi hiyo. Aidha, kwa simu ile ya kwanza haikuchonga kila kitu upya, bali ilianzia kwenye muundo uliokuwapo tayari kiwandani China, na simu iliyokuwa ya muundo wake yenyewe ikaja mwaka wa 2015. Hata hivyo, mwaka wa 2017 ilibidi iache kuihudumia simu ya kwanza, maana vipuri vilikuwa vigumu kupatikana: muundo haukuwa wake, na wenye viwanda hawakubali kuwasha mashine kwa ajili ya oda ndogo. Somo ni mawili. Kutoa ahadi kabla ya kuunda kunawezekana. Na asiyeimiliki kalibu hana neno la mwisho juu ya maisha ya simu yake.

Kampuni ya Pine64 nayo ilitumia njia nyingine. Simu yake ya PinePhone, iliyouzwa kwa dola 150 hivi kuanzia mwaka wa 2020, ilitolewa katika matoleo ya jumuiya mbalimbali za waandishi wa programu. Gamba lilikuwa moja, na kilichotofautiana nyuma yake kilikuwa nembo ya jumuiya na programu iliyomo ndani. Kila kundi lilipata simu yenye jina lake, na gharama ya chuma ikagawanywa kwa wote. Msomaji arudi kwenye hesabu yangu aone: kama kila kundi la watu mia tano lingedai umbo lake, gamba pekee lingemeza zaidi ya nusu ya bei hiyo.

Hapa mtu wa isimu hana budi kutabasamu, kwa kuwa jambo hili tumelifanya sisi wenyewe kwa lugha hii ninayoiandikia. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Mojawapo ya sababu zilizoshikiliwa ilikuwa gharama ya vitabu vya shule: kitabu kimoja kwa nchi nne ni rahisi kuliko vitabu vinne. Kiswahili sanifu, kwa maneno mengine, kilikuwa kalibu ya pamoja. Kilituwezesha kuwa na vitabu, magazeti na kamusi ambazo lahaja moja moja isingeweza kuzimudu. Lakini wenzetu wa Kimvita na wa Kiamu, waliokuwa na ushairi uliokomaa kwa karne nyingi, waliona umbo lao likiachwa nje ya kalibu, na uchungu huo haujaisha. Tena walioamua walikuwa watawala na wamishonari zaidi ya wenye lugha.

Natoa mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ili tujue kwamba kugawana kalibu kunaleta tija. Pili, ili tusidanganyane kwamba ni bure. Wengi wakikubali umbo moja, wapo watakaoacha kitu walichokipenda: huyu alitaka kibodi ya vitufe, yule alitaka simu ndogo, mwingine betri kubwa. Jumuiya isiyoweza kuacha chochote haitapata chochote. Na jumuiya inayowaachia wachache waamue kwa niaba ya wote itakuwa na gamba, lakini itapoteza watu. Kwa hivyo suala la gharama ya kalibu, ambalo hudhaniwa ni la wahasibu, kwa hakika ni suala la mashauriano.

Nchini mwetu jambo hili si la mbali. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka Nyayo Pioneer. Mwaka wa 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa la mwendo wa pole na lisilo la kupendeza. Kufikia mwaka wa 1990 magari matano ya sampuli yalikuwa tayari, na watu walishangilia Kasarani. Kisha kukawa kimya. Gari halikufikia uzalishaji, fedha zikikosekana, na karakana zake ndizo zilizozaa shirika la Numerical Machining Complex. Wengi huicheka hadithi hiyo. Mimi naona kicheko hicho kimekosea shabaha. Wahandisi wetu waliweza kuunda gari. Ambacho taifa halikukihesabu tangu mwanzo ni kwamba kati ya gari la tano na gari la elfu tano kuna bonde, na bonde hilo limejaa kalibu.

Mwaka wa 2023 kilizinduliwa kiwanda cha kuunganisha simu huko Athi River, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Lakini kuunganisha si kuunda. Nao wenye viwanda vya plastiki nchini husubu kila siku mabeseni, ndoo na makreti ya soda. Mashine, basi, si ngeni kwetu, wala punje za plastiki si ngeni. Ujuzi adimu ni ule wa kuchonga kalibu ya vipimo vyembamba. Ningependa kuona vyuo vyetu vya ufundi vikiufanya uchongaji wa kalibu kuwa somo lenye heshima yake, wala si sura moja iliyofichwa mwishoni mwa kitabu. Kijana anayeweza kuchonga kalibu ya gamba la simu ataweza kuchonga ya kifaa cha maabara, ya kiungo cha bandia, ya sehemu ya pampu ya maji. Shule zinalia kwa kukosa vifaa vya sayansi ambavyo vingi ni plastiki iliyosubiwa tu.

Nitataja mambo matatu ambayo jumuiya yoyote, iwe ya simu au ya kitu kingine, ingefaa kuyazingatia. La kwanza: kalibu ihesabiwe kuwa mali ya wote, kama vile josho la ng'ombe au kisima cha kijiji, isifichwe ndani ya bei ya kila simu. Wanakijiji wanaochimba kisima hawamtozi mtu wa kwanza kuteka gharama ya kisima kizima. Huchanga kwanza, wakateka baadaye. La pili: gamba likisha kuchongwa lidumu. Bodi ya saketi ibadilike kila baada ya miaka, lakini umbo libaki, ili kila kizazi cha simu kiilipe ile kalibu moja. La tatu: mkataba wa kiwanda useme wazi chuma ni cha nani, kitahifadhiwa wapi, na nani anaweza kukichukua siku kampuni itakapofunga milango. Michoro iliyo wazi ni jambo jema, ila pasipo kalibu inayofikika ni kama shairi zuri katika lugha isiyo na msomaji.

Wapo watakaosema kwamba simu za bei nafuu zimejaa madukani, na kwamba haya yote ni kujisumbua. Sina ugomvi na anayenunua simu ya bei nafuu, maana mwalimu mwenye mshahara wetu huu hana anasa ya kubagua. Ninachosema ni kwamba unafuu ule haukushuka kutoka mbinguni. Ni unafuu wa mamilioni ya watu wasiojuana waliokusanywa na kampuni bila ya wao kujua kwamba wamekusanywa. Wamelipa kalibu pamoja, nayo ni mali ya mwingine. Jumuiya inataka kufanya jambo lile lile kwa macho wazi: tujuane, tukubaliane, tulipe, na kile tulichokilipia kiwe chetu.

Watu wetu husema haba na haba hujaza kibaba. Wachache tu ndio huuliza kibaba chenyewe kilitoka wapi, na nani aliyekichonga. Walimu wawaulize wanafunzi wao swali hilo. Kabla ya kuhesabu punje, na tuhesabu kibaba.